Kukodi Gari Nairobi Ukija Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Mkataba, Bima na Ajali

Wakenya wengi wanaoishi ng'ambo hutafuta gari la likizo kwa swali moja: ni pesa ngapi kwa siku? Swali hilo lina nafasi yake, ila nafasi hiyo ni ya tatu. La kwanza ni hili: gari limekatiwa bima ya matumizi gani? La pili: likigonga au likiibwa, nani atalipa, na kiasi gani? Gari la bei ya chini lenye bima ya matumizi ya kibinafsi ni ghali kuliko la bei maradufu lenye bima ya kukodishwa, kwa sababu siku ya ajali kampuni ya bima inaweza kukataa kabisa kulipa hasara ya lile la kwanza, na anayebaki akidaiwa ni aliyeshika usukani.

Tunaanza na mambo ya kushughulikia kabla hujapanda ndege, kwa kuwa mengi kati yake hayarekebishiki tena ukishatua JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi.

Kabla ya safari: leseni

Ukiwa na leseni ya Kenya, angalia tarehe ya mwisho. Leseni iliyokwisha muda haina nguvu hata kama ulifaulu mtihani wa udereva miaka ishirini iliyopita. Mkaguzi wa bima hatazami uzoefu wako, anatazama kama leseni ilikuwa hai siku ya ajali. Unaweza kuihuisha ukiwa huko huko uliko kupitia akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa mwaka mmoja au mitatu. Fanya hivyo wiki kadhaa mapema, maana akaunti za watu walioondoka zamani mara nyingi zimefungwa kwa nambari ya simu ambayo haipo tena, na kuifungua upya huchukua muda.

Leseni ya nchi unayoishi, ikiwa hai na imeandikwa kwa Kiingereza, kwa kawaida hukubaliwa kwa ziara fupi. Ikiwa ni ya Kijerumani, Kiarabu, Kiswidi au lugha nyingine, chukua kibali cha kimataifa cha udereva. Kibali hiki hutolewa na nchi iliyokupa leseni, si Kenya, na hakina maana bila leseni yenyewe. Beba vyote viwili. Walio Marekani hukipata kwa AAA, chama cha wenye magari. Walio Uingereza hukipata kwenye maduka yenye huduma ya PayPoint kwa pauni 5.50. Vipo vya aina zaidi ya moja kulingana na nchi unayokwenda, kwa hiyo mtajie karani kuwa unakuja Kenya.

Kuna mtego mdogo unaowanasa wengi wa Uingereza: leseni ya gari la otomatiki pekee. Magari mengi ya kukodi Nairobi ni otomatiki, lakini pikapu na baadhi ya Land Cruiser ni za gia za mkono. Ukiliendesha moja ya hayo, unaendesha gari usiloruhusiwa, na bima ina sababu halali ya kukugeuzia mgongo.

Umri nao huangaliwa. Kampuni nyingi hutaka dereva mwenye angalau miaka 23 au 25 na leseni ya miaka miwili. Ukiwa chini ya hapo unaweza bado kupata gari, ila uliza eksesi inapanda kiasi gani. Neno hilo la eksesi, yaani sehemu ya hasara unayoilipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, litarudi mara nyingi hapa.

Kabla ya safari: laini na pesa

Bila laini ya simu ya Kenya yenye M-Pesa utasumbuka kila hatua, kuanzia amana hadi maegesho. Laini isiyotumiwa kwa muda mrefu huzimwa na nambari ikapewa mtu mwingine, hivyo usidhani ile ya miaka mitatu iliyopita ingali yako. Muamala mmoja wa M-Pesa haupiti Sh250,000, na akaunti haibebi zaidi ya Sh500,000. Ukikodi Prado ya mwezi mzima, malipo na amana kwa pamoja yanaweza kuvuka viwango hivyo, basi panga kulipa sehemu kwa benki.

Kampuni kubwa huzuia amana kwenye kadi ya mkopo, na nyingi hazikubali kadi ya kawaida ya benki kwa jambo hilo. Jina kwenye kadi lazima lifanane na jina la dereva. Kampuni ndogo hutaka amana kwa M-Pesa au taslimu, na hapo ndipo penye ugomvi mwingi wa mwisho wa safari, kama tutakavyoona.

Bima unayodhani unayo

Bima ya gari lako la Marekani haikufuati hadi Kenya. Kwa kawaida inaishia Marekani yenyewe, maeneo yake na Kanada. Ya Uingereza haikufuati pia. Kinachoweza kukufaa ni faida ya gari la kukodi iliyomo kwenye baadhi ya kadi za mkopo, au bima maalumu ya kurudishiwa eksesi unayonunua mwenyewe kabla ya safari. Piga simu kwa mtoaji na uulize haya, moja baada ya jingine:

- Je, Kenya imo kwenye orodha ya nchi zinazohusika?
- Je, ninalindwa nikiwa raia wa Kenya ninayetembelea Kenya? Baadhi ya bima hizi zimeandikwa kwa mtu anayesafiri nje ya nchi anakoishi, nyingine huangalia uraia.
- Ni siku ngapi mfululizo? Kadi nyingi hukoma kwenye siku 31, na anayekuja kwa miezi miwili hubaki wazi nusu ya safari.
- Je, magari ya nne kwa nne, pikapu na basi dogo kama Noah yamo?
- Je, ni lazima nikatae ulinzi wa kampuni ya kukodisha ili huu wenu ufanye kazi? Kwa kadi nyingi, ndiyo.

Omba jibu kwa barua pepe. Na ujue kwamba bima za namna hii zinataka mkataba na risiti ya kampuni ya kukodisha inayotambulika. Gari la mtu binafsi uliyempata Instagram haliingii. Ujue pia kwamba nyingi hulipa uharibifu wa gari ulilokodi tu, si mtu uliyemjeruhi.

Nani akukodishie

Njia ni tatu kwa jumla.

Ya kwanza ni kampuni zenye ofisi, baadhi zikiwa na kaunta uwanja wa ndege. Bei iko juu, karatasi ziko sawa, gari likiharibika kuna la kubadilishia. Kama unakuja mara ya kwanza baada ya miaka mingi, au una wazee na watoto garini, njia hii inastahili pesa zake.

Ya pili ni wale wa kati: mtu mwenye magari matatu hadi kumi, au dalali asiyemiliki hata moja lakini anaunganisha. Wengi ni waaminifu na magari yao ni mazuri. Tatizo ni kwamba baadhi yao hununua bima ya kibinafsi kwa sababu ni nafuu, kisha hukodisha. Sera ya kibinafsi, yaani mkataba wa bima wa matumizi hayo, ina kipengele kinachokataza gari kutumika kwa kukodishwa au kwa malipo, na kampuni ya bima ikigundua, hukataa kulipa.

Ya tatu ni gari la ndugu, na hiyo ina sehemu yake chini.

Desemba inastahili onyo la pekee. Kuanzia katikati ya Novemba magari mazuri huisha, bei hupanda, na matapeli hutokea. Tangazo lina picha ya Mazda CX-5 safi, bei nzuri kidogo kuliko ya wengine, kisha ombi la kutuma amana leo "kabla mtu mwingine hajachukua." Usitume. Mtume ndugu au rafiki aliye Nairobi akalione gari, apige video ya nambari ya usajili na kioo cha mbele, na aone hati za mwenyewe. Kwa Sh550 unaweza pia kupata taarifa za usajili wa gari kupitia NTSA na kuona limeandikishwa kwa jina la nani. Kabla ya kutuma kiasi kikubwa, tuma Sh100 uone jina linalotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa. Kama jina hilo si la kampuni iliyo kwenye mkataba wala la mwenye gari, simama hapo hapo.

Kusoma bima ya gari: kazi ya nusu saa inayookoa malaki

Sheria ya bima ya magari ya Kenya, Sura ya 405, inalazimisha kila gari barabarani liwe na bima ya mtu wa tatu kutoka kampuni yenye leseni. Ulinzi huo wa lazima unahusu kifo na majeraha ya watu wengine, na kikomo chake ni Sh3,000,000 kwa kila mtu. Haulazimishi kulipa ukuta uliougonga, gari la mwenzako, wala gari lenyewe unaloliendesha. Wala majeraha yako wewe dereva. Hayo yote yanategemea mwenye gari alinunua nini zaidi, na ndiyo maana neno "gari lina bima" halijakuambia chochote.

Omba vitu viwili: cheti cha bima na ukurasa wa ratiba ya sera, yaani ule unaoorodhesha ulinzi ulionunuliwa na vikomo vyake. Cheti cha siku hizi ni cha kidijitali na hutolewa kupitia mfumo wa DMVIC wa muungano wa kampuni za bima, AKI. Linganisha nambari ya usajili, tarehe ya kuanza na ya kwisha. Tarehe ya kwisha iwe baada ya siku utakayorudisha gari. Wenye magari wengi hununua cheti cha mwezi mmoja mmoja, na kikiisha ukiwa Kisii wewe ndiye utakayesimamishwa na polisi. Kisha hakikisha kampuni ya bima imo kwenye orodha ya mwaka huu ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Mwisho, piga simu kwa kampuni yenyewe kwa nambari iliyo kwenye tovuti yake, si aliyokupa dalali, uwasomee nambari ya sera na ya gari, na uulize: sera hii iko hai, na ni ya matumizi gani?

Jibu unalotaka ni kwamba gari limekatiwa bima ya kukodishwa; mawakala huiita "self drive" au "private hire". Ukisikia "private" peke yake, mrudishie mwenyewe funguo zake.

Kwenye ratiba, tafuta haya:

*Aina ya ulinzi.* Bima kubwa hulipa uharibifu wa gari lenyewe, moto na wizi. Bima ya mtu wa tatu pekee ina maana kwamba ukilipindua gari, unalinunua.

*Eksesi ya uharibifu na ya wizi.* Hizi huandikwa kwa asilimia ya thamani ya gari, pamoja na kiwango cha chini. Ya wizi huwa kubwa zaidi, na hupanda tena kama gari halina traka, yaani kifaa cha kufuatilia lilipo. Tuchukue mfano wa Fielder yenye thamani ya Sh1,500,000. Eksesi ya asilimia 5 ni Sh75,000. Kwa wizi, asilimia 10 ni Sh150,000, na asilimia 20 bila traka ni Sh300,000. Mkataba wa kukodi karibu kila mara hukutwika wewe kiasi hicho, kwa hiyo ndicho kipimo halisi cha hatari unayoibeba. Mwenye gari akiwa amenunua kinga ya eksesi, omba iandikwe kwenye mkataba kwamba inakuhusu.

*Abiria.* Kwa gari lisilobeba abiria wa kulipa, sheria hailazimishi bima kwa walioketi ndani. Ulinzi wa abiria huongezwa kwa hiari na huhesabiwa kwa viti. Ukipanga kumpeleka mama hospitalini na watoto mashambani, hiki ni kipengele cha kusisitiza, hata kama itabidi ulipe nyongeza.

*Mali ya watu wengine.* Tafuta kikomo. Kugonga gari moja la kifahari Westlands kunaweza kula milioni kadhaa.

*Vurugu za kisiasa na ugaidi.* Ulinzi huu huuzwa kando. Nairobi imeona maandamano makubwa mwaka 2023, 2024 na 2025. Gari lililochomwa wakati wa vurugu halilipwi na sera isiyo na kipengele hiki.

*Kioo cha mbele na redio.* Vina kikomo chao. Kioo chenye kamera za kisasa kinaweza kuzidi kikomo hicho, na tofauti ni yako.

Kampuni kubwa zitakuuzia pia msamaha wa uharibifu, kwa bei ya kila siku. Ule si bima, ni ahadi ya kampuni kutokudai zaidi ya kiasi fulani. Soma yaliyoachwa nje: kwa kawaida ni tairi, rimu, vioo, sehemu ya chini ya gari, kuweka mafuta yasiyofaa, na maji kuingia kwenye injini.

Majeraha yako mwenyewe yanategemea bima ya safari au ya afya. Hospitali za kibinafsi Nairobi huomba amana kabla ya kulaza mgonjwa, basi beba nambari ya dharura ya bima yako kwenye karatasi, si kwenye simu tu.

Mkataba

Usichukue gari bila mkataba ulioandikwa, hata kama aliyekukodishia ni mwanakijiji mwenzako. Uonyeshe nambari ya gari, saa ya kuchukua na kurudisha, kilomita zinazoruhusiwa kwa siku na bei ya kila kilomita ya ziada, kiwango cha mafuta, kiasi cha amana na siku ya kurudishwa, eksesi, na kama bei imejumuisha VAT ya asilimia 16.

Kilomita ndizo zinazowashtua watu. Ukipewa 150 kwa siku na ukaenda Kisumu na kurudi, ni zaidi ya 650 kwa siku mbili. Uliza kama zinahesabiwa kila siku peke yake au kwa jumla ya safari. Dai jumla.

Kila atakayeendesha aandikwe kwa jina na leseni yake. Kaka yako akichukua usukani usiku mmoja kwenda kununua mkate, naye hayumo, huna bima usiku huo.

Angalia kifungu cha fidia ya siku ambazo gari litakaa gereji. Kwa bei ya Sh5,000 kwa siku, wiki mbili za kungoja vipuri ni Sh70,000 juu ya eksesi. Omba kikomo, siku saba kwa mfano. Wengi hukubali ukiuliza kabla ya kulipa. Baada ya ajali hakuna anayekubali.

Ukipanga kuvuka mpaka Namanga, Busia au Malaba, sema mapema. Utahitaji barua ya mwenye gari na Kadi ya Njano ya COMESA, inayolinda watu wa tatu katika nchi jirani, Tanzania ikiwamo. Kadi hiyo hailindi gari lenyewe. Kwa hilo sera iongezewe eneo.

Na pasipoti yako usiiache kwa mtu. Mpe nakala. Mwenye kushikilia kwamba lazima abaki na pasipoti halisi anakupa sababu ya kutafuta mwingine.

Kulipokea gari

Lipokee mchana. Taa ya maegesho ya chini ya ardhi huficha mikwaruzo. Piga video moja isiyokatika, ukianza na nambari ya usajili, uzunguke gari polepole, uiname kuonyesha bampa za chini na rimu zote nne, kisha uingie ndani uonyeshe viti, dashibodi, kilomita na geji ya mafuta. Mtumie mwenye gari video hiyo kwa WhatsApp pale pale, ili saa na tarehe zibaki kwa wote wawili.

Kisha ukague vinavyoua. Tairi: kina cha mitaro na uvimbe ubavuni, hasa upande wa ndani usioonekana. Tairi ya akiba iwe na upepo, jeki na spana ya magurudumu viwepo. Washa swichi bila kuwasha injini: taa za onyo zote ziwake, kisha zizimike injini ikiwaka. Taa ya onyo isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, maana huenda imetolewa ili kuficha hitilafu. Fungua boneti uone kiwango cha oili na maji ya kupoza injini. Endesha mita mia kadhaa, ukanyage breki kwa nguvu mahali salama: gari lisivute upande. Pembetatu za tahadhari ziwemo, mikanda yote ifunge, hata ya katikati kiti cha nyuma. Ukiwa na mtoto mdogo, njoo na kiti chake mwenyewe.

Uliza kuhusu traka. Karibu magari yote ya kukodi Nairobi yanayo, kwa sababu kuna waliokodi magari wakayaweka rehani kwa mashailoki, wakopeshaji wa riba kubwa. Baadhi ya traka zinaweza kuzima injini kwa mbali. Jua nani ana uwezo huo, na uandike kwenye mkataba kwamba gari halitazimwa likiwa kwenye mwendo.

Barabarani

Tunaendesha kushoto. Aliyezoea kulia hukosea zaidi asubuhi anapotoka kwenye kituo cha mafuta au barabara tupu, si penye msongamano. Siku ya kutua, kama umesafiri usiku kucha, panda teksi na upokee gari kesho yake.

Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022 na inakufikisha mjini kutoka JKIA bila Mombasa Road. Tozo hutegemea unapoingia na kutoka, beba taslimu. Mwendo wa juu ni kilomita 80 kwa saa.

Mijini kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Faini za papo kwa papo zimepangwa hivi: ukizidisha kwa kilomita 6 hadi 10 ni Sh500, 11 hadi 15 ni Sh3,000, 16 hadi 20 ni Sh10,000. Kushika simu ukiendesha ni Sh2,000. Kutobeba leseni Sh1,000. Askari hana ruhusa ya kupokea faini mkononi kando ya barabara. Mwombe kwa heshima akuandikie kosa, ulipe kwa njia rasmi, upewe risiti. Ukinywa, usiendeshe hata nusu ya safari: kosa la pombe hukupeleka mahakamani na pia huiua bima.

Maegesho katikati ya jiji hulipiwa kaunti kwa siku kupitia *647#. Weka nambari ya gari kwa uangalifu, maana herufi moja ikikosewa umelilipia gari la mtu mwingine, na lako litahesabiwa halijalipiwa.

Mvua za Machi hadi Mei hujaza maji sehemu za chini ghafla. Usiyavuke. Injini ikifyonza maji hupinda vyuma vyake vya ndani kwa sekunde chache, na mikataba mingi humtwika dereva gharama yote.

Mafuta hubadilika bei kila tarehe 15 kwa tangazo la EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Jaza kwenye vituo vinavyojulikana na utunze risiti, ionekane aina ya mafuta.

Ukipata ajali

Simama. Sheria ya Trafiki inakutaka usimame, utoe jina na maelezo ya gari, na uripoti polisi haraka iwezekanavyo, kwa vyovyote ndani ya saa 24. Washa taa za hatari, weka pembetatu, msaidie majeruhi, piga 999 au 112. Umati ukikusanyika na usalama wako ukawa mashakani, nenda moja kwa moja hadi kituo cha polisi kilicho karibu na ujiandikishe huko.

Piga picha kabla magari hayajasogezwa: mahali yalipo, alama za tairi, nambari zote, cheti cha bima cha mwenzako, leseni yake. Chukua simu za mashahidi wawili.

Usikiri kosa kwa maandishi, na usiahidi kulipa. Sera nyingi zinakataza kufanya hivyo bila idhini ya bima, na ahadi uliyoitoa kwa huruma inaweza kuwapa sababu ya kujitoa. Kama ni mkwaruzo mdogo na mwenzako anataka mmalizane pale pale, mpigie kwanza mwenye gari. Uamuzi ni wake pia, na makubaliano yaandikwe na yatiwe saini na wote.

Lori la kuvuta gari litafika kabla ya polisi. Usikubali gari lako likokotwe kabla ya kusikia bei na kujua linapelekwa wapi, kwani bima hulipa kuvuta hadi kikomo tu.

Kituoni utapewa nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Iandike. Utahitaji abstrakti ya polisi (muhtasari wao wa ajali), fomu ya madai ya bima, nakala ya leseni na ya mkataba. Palipo na majeruhi, gari linaweza kuzuiliwa kwa ukaguzi, na waliojeruhiwa hujaziwa fomu ya polisi ya P3 inayoeleza majeraha yao. Kabla hujarudi ng'ambo, andika maelezo yako kamili, uyatie saini, uache anwani na barua pepe kwa kampuni ya bima. Kesi za majeruhi huja miezi kadhaa baadaye. Wito wa mahakama ukifika kwa ndugu zako, upelekwe kwa bima siku hiyo hiyo.

Ukitumia gari la ndugu

Hapa bima ya kibinafsi inafaa, mradi sera inaruhusu dereva yeyote mwenye leseni aliyeidhinishwa na mwenyewe. Iombe uione. Kumjazia mafuta au kumfanyia gari sevisi ni shukrani. Kumlipa kiasi fulani kwa siku ni kukodi, na hapo sera inavunjika. Ikiwa gari lina bima ya mtu wa tatu pekee, mnaweza kuzungumza na wakala mlipandishe hadi bima kubwa kabla hujaja. Litahitaji kuthaminiwa, jambo la siku moja au mbili. Na akuandikie barua fupi ya ruhusa, ikae garini.

Kurudisha na kudai amana

Rudisha mchana, mafuta kama ulivyoyakuta, gari likiwa limeoshwa. Tope huwa sababu ya kusema "tutakagua baadaye," na baadaye ndiko mikwaruzo mipya huzaliwa. Piga video ile ile ya mwanzo. Mpokeaji aandike na kutia saini kwamba amelipokea bila uharibifu mpya, pamoja na saa na kilomita.

Panga kurudisha siku mbili kabla ya ndege. Anayerudisha saa tatu kabla ya kuruka hana nguvu ya kubishana, na wanaozuia amana wanalijua hilo. Wakidai uharibifu, omba picha ya kabla na ya baada, na makadirio ya gereji kwa maandishi.

Wakikataa bila sababu, peleka barua ya madai yenye siku saba za kujibu, kisha nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai ya hadi Sh1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Madai huwasilishwa mtandaoni, kwa hiyo unaweza kuyaanzisha hata ukiwa umesharudi kazini. Mwenye mkataba uliotiwa saini, ujumbe wa M-Pesa na video mbili huwa ana kila anachohitaji kuiomba hukumu.